Siki ya Miwa: Funga Ndoo Kwanza, Ifungue Baadaye

Mkulima wa miwa Bungoma anayenunua siki dukani anajidhulumu mwenyewe. Miwa iko shambani, na ujuzi wa kuchachusha tunao tangu enzi za busaa. Kinachowakwamisha wengi ni kudhani siki ni kazi moja. Ni kazi mbili, na mahitaji yake yanapingana.

Kwanza hamira hula sukari na kutoa pombe na gesi. Hapo hewa haitakiwi. Kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa asidi, na hao bila hewa hawafanyi lolote.

Juisi ya miwa huwa na sukari kama asilimia 15, ambayo ni nyingi mno. Changanya lita 6 za juisi na lita 3 za maji. Utapata pombe ya asilimia 5 au 6, na mwishowe siki yenye asidi inayokaribia asilimia 5. Chemsha, engua uchafu, ngoja ipoe hadi iwe vuguvugu, kisha tia kijiko cha chai cha hamira ya mkate. Tumia ndoo safi ya plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini huliwa na asidi. Kifuniko usikikaze, gesi ipate upenyo.

Mjini Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, wiki moja yaweza kutosha. Kitale iko juu zaidi, karibu mita 1,900, na baridi yake ya usiku huilaza hamira. Hesabu wiki mbili, na ndoo ikae jikoni, si stoo. Usikimbilie kuongeza hamira. Ongeza joto.

Povu likitulia na utamu ukiisha, hiyo ni pombe. (Sheria ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza pombe ya kuuza. Wala usifikirie kuipika iwe chang'aa: siki haihitaji mvuke.) Imimine taratibu, machicha yabaki chini, kwenye chombo chenye mdomo mpana, kijae nusu tu. Ongeza siki hai, ile yenye utando, kiasi cha robo ya pombe yako. Siki iliyochemshwa kiwandani haifai, bakteria wake wamekufa. Busaa iliyochacha nayo siipendekezi. Ukali wake mwingi ni wa asidi ya aina nyingine, ile ya maziwa ya mala.

Funika kwa kitambaa kilichofumwa vizuri, maana vijinzi vya matunda vitakuja tu, kisha usiitikise kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Utando laini unaoteleza juu ni dalili njema. Ukiwa mkavu, wenye manyoya, wa kijani au mweusi, huo ni ukungu: mwaga yote.

Ikishakuwa kali na harufu ya pombe imetoweka, ichuje na kuijaza chupa hadi shingoni, kisha ukaze kizibo. Bakteria wakiachiwa hewa baada ya pombe kuisha huanza kuila asidi yenyewe, na siki hupooza.

Itumie kwenye kachumbari na kulainishia nyama. Achari ya kukaa miezi kabatini ni habari nyingine: inataka asidi ya angalau asilimia 5, na ulimi hauwezi kuipima, wala karatasi ya pH. Pima maabara kwanza.