Ufunguo wa Hofu

Kila mitihani ikikaribia hukosa usingizi, nami nikijilaumu kwa woga. Kisha nikasoma habari za CRF. Ni homoni ambayo ubongo huitoa mnyama anapotishika; Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981 katika ubongo wa kondoo. Homoni hiyo ni ufunguo, na vipokezi vya seli ni kufuli zake.

Panya hukwepa mahali peupe penye mwanga. Mwaka 1998, panya waliozalishwa bila kipokezi kiitwacho CRF1 walionyesha wasiwasi mdogo zaidi.

Binadamu si panya, ila vipokezi hivyo tunavyo pia. Basi najikumbusha mimi kwanza, kisha nyinyi: tusimcheke mwenzetu anayetetemeka mlangoni mwa chumba cha mtihani.