Namna ya Kuzuia Udongo Usichukuliwe na Maji

Mvua za masika zinyeshapo katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, msafiri avukaye mto Thuchi, ambao tangu zamani ulitenga nchi ya Embu na nchi ya Meru, huona maji yake yamekuwa mekundu. Watoto husema kwamba mto umejaa. Mkulima mwenye kufikiri husema neno jingine: shamba linapita. Wekundu ule si rangi ya mto hata kidogo. Ni udongo wa juu, wenye samadi na majani yaliyooza, ambao ndio unaolisha mahindi, maharagwe na kahawa. Ukisha kwenda haurudishwi kwa jembe wala haununuliwi dukani.

Yafaa kujua uendako. Mto Rupingazi, upitao kando ya mji wa Embu, huungana na Thiba, na Thiba huingia katika bwawa la Kamburu, lililomalizwa mwaka 1974 kwa ajili ya umeme. Nithi, Mutonga na Kathita huteremka kwa njia zao mpaka Tana, na Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Udongo mwingine hutua ndani ya mabwawa na kuyapunguzia nafasi ya maji, na mwingine hufika pwani. Hivyo mtu wa Runyenjes au Chuka aachaye shamba lake wazi huwapelekea mali yake watu asiowajua, wala wao hawamshukuru.

Chanzo cha hasara hii ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huupiga na kuuvunja ukawa unga. Unga ule huziba vitundu vya ardhi, maji yakakosa pa kuingia, yakaanza kuteremka. Kadiri mteremko ulivyo mrefu ndivyo yanavyozidi mbio, na kadiri yanavyozidi mbio ndivyo yanavyobeba. Asiyesadiki na ajaribu nyumbani. Atwae vipande viwili vya ubao, aviinamishe sawasawa, aweke udongo juu ya kila kimoja, na kimoja akifunike kwa nyasi kavu. Kisha avimwagie maji kwa kopo lililotobolewa matundu, na maji yanayotoka ayakinge katika mabakuli mawili. Mabakuli yale yatamfundisha kuliko hotuba ya barazani.

Basi kazi ya kwanza haihitaji fedha. Mabua ya mahindi, majani ya migomba na magugu yaliyopaliliwa yasichomwe, bali yatandazwe kati ya mistari ya mimea. Watu wengi hupenda kuona shamba limefagiliwa kama uwanja wa nyumba, wakidhani huo ndio usafi. Kwa uwanja ni vyema, lakini kwa shamba la mteremkoni ni hatari.

Kazi ya pili ni matuta, na hapo yapasa kusema kweli. Wazee wengine hawalipendi neno hilo, na wana sababu. Katika miaka ya 1940, na tena wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu walishurutishwa kuyachimba bila malipo. Kazi iliyokuwa njema ikachukiwa kwa ajili ya amri iliyokuja nayo, na mahali pengi matuta yaliachwa yabomoke. Kuanzia mwaka 1974 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Sweden, iliirudia kazi hiyo kwa njia ya mafundisho, na wakulima wengi wakachimba kwa hiari yao. Namna moja ya tuta ilipata sifa sana, hasa Machakos, hata jina lake la Kiswahili likaingia katika vitabu vya wataalamu wa nchi za nje. Jina hilo ni fanya juu.

Maana yake ni rahisi. Mkulima huchimba mtaro unaokingama mteremko, upana wa sentimeta 60 na kina kama hicho, na udongo wote huutupa upande wa juu, akiacha nafasi ndogo ukingoni ili usiporomoke tena ndani. Maji yateremkapo hukuta ukuta ule, husimama, na huacha udongo yaliyoubeba. Baada ya misimu kadhaa ardhi iliyo kati ya tuta na tuta huanza kuwa tambarare bila kusawazishwa na mtu.

Shida ni kuupata usawa, kwa maana jicho hudanganya sana mlimani. Dawa yake ni pima ya miti mitatu. Miti miwili iliyonyoka, yenye urefu wa mita 2 hivi, hufungwa pamoja juu na kupanuliwa miguu, kisha wa tatu hufungwa kati kwa kukingama. Kutoka juu huning'inizwa uzi wenye jiwe. Pima husimamishwa juu ya vigingi viwili, na mahali uzi unapogusa mti wa kati hutiwa alama. Kisha miguu hubadilishana vigingi, ikatiwa alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo mkulima hutembeza pima shambani, mguu baada ya mguu, akipigilia kigingi kila uzi unapotua katikati. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii kwa asubuhi moja. Umbali wa tuta na tuta hutegemea ukali wa mteremko, na Bwana Shamba aulizwe.

Jambo moja lisisahauliwe. Huku juu, penye mvua nyingi, mtaro ukijaa hupasuka, na maji yaliyokusanywa humwangukia jirani wa chini kwa nguvu kuliko yangalikuja yenyewe. Ugomvi wa namna hiyo umeharibu ujirani mwingi. Kwa hiyo, kabla ya jembe kuinuliwa, majirani wote wa mteremko mmoja wakubaliane njia ya kutolea maji, na njia hiyo ioteshwe nyasi wala isilimwe.

Tuta lisilo na mmea halidumu. Majani ya nepia hulishika vyema na hulisha ng'ombe. Hali kadhalika kaliandra, mti mfupi wa malisho uliojaribiwa na wataalamu huko Embu tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Waliona ya kwamba kilo 3 za majani yake mabichi huweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe kinachouzwa madukani, na ya kwamba miti 500 hutosha kumsaidia ng'ombe mmoja mwaka mzima. Hiyo ni faida ya kuhesabika mfukoni, nayo humvuta mtu kuliko maonyo.

Mipakani hupandwa mgrevilea, uliotoka Australia, ambao matawi yake hukatwa yakawa kuni na mti ukachipuka tena. Kando ya chemchemi na mito hufaa miti ya kwao, kama muringa, au muuru ambao ndio fahari ya Meru. Mkaratusi usipandwe hapo. Ni mti wa fedha, lakini hunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Mahindi na maharagwe ya muthere yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na kuni zilizopasuliwa na kukaushwa huwaka bila moshi mwingi. Jiko la udongo liitwalo Kuni Mbili limepewa jina hilo kwa sababu lapika kwa kuni chache, na mama mwenye jiko hilo hupunguza safari za kwenda msituni. Kuhusu mifuko ya plastiki, Serikali iliikataza tarehe 28 Agosti 2017. Lakini kina mama wa Meru na Embu walikuwa na kiondo zamani, na wachuma miraa wa Nyambene walikuwa wakifunga vibunda vyao kwa majani ya migomba kabla plastiki haijafika kwao.

Wakati mzuri wa kuchimba ni Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu na vuli haijaanza. Mvua ya kwanza ya Oktoba inyeshapo, mwenye shamba asikae jikoni. Avae gunia kichwani, afuate mtaro wake wote, atazame maji yanasimama wapi na yanavuka wapi. Kesho yake na azibe palipovuka, kisha auzoe udongo uliotua ndani ya mtaro, aurudishe juu ya tuta.