Maneno ya Zamani ya Biblia na Msomaji wa Leo

Ndugu msomaji, huenda umepata kuusikia ubishi wa namna hii, kama si Tarime basi Mugumu: mtu ashika Biblia, asoma neno moja, na juu ya neno hilo ajenga hoja nzima ya dini. Baadhi ya wasikilizaji wangali wakitafuta njia, nao huondoka wakiwa wamekwisha kuamua. Basi yafaa tuulize: neno lile lilipoandikwa lilikuwa na maana gani?

Waingereza walikwisha kuipata taabu hii. Katika tafsiri yao ya mwaka 1611, kitenzi "let" kilichomo katika Wathesalonike wa Pili 2:7 chamaanisha kuzuia. Leo kitenzi hicho hicho humaanisha kuruhusu. Asiyejua hilo atafahamu kinyume kabisa, wala hatashuku lolote, kwa kuwa neno lenyewe analitumia kila siku. Lau lingekuwa neno geni angeuliza.

Nasi tunayo ya kwetu. Biblia ya Union ilitoka mwaka 1952 ili kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Kiunguja ya mwaka 1891 na wale wa tafsiri ya Kimvita ya mwaka 1914. Ifungue katika Mathayo 10:5-6, mahali ambapo wanafunzi wanakatazwa kuwaendea Mataifa. Kijana aliyezoea kusikia habari za Umoja wa Mataifa hufikiri nchi zenye bendera. Akiwa Sirari, hufikiri Kenya iliyo ng'ambo ya mpaka. Lakini neno la Kiyunani, ethne, hapo lamaanisha watu wasio Wayahudi. Wafasiri waliandika Mataifa kwa herufi kubwa ili kumzindua msomaji, ila asikilizaye hawezi kuisikia herufi kubwa! Neno ethne limo pia katika Mathayo 28:19. Anayetaka kujadili kama amri hii ya pili yaipanua ile ya kwanza, na aanze kwa kulieleza neno hilo katika aya zote mbili, asilipe maana hapa na kulinyang'anya kule.

Aya ya 6 yataja nyumba ya Israeli. Wako wanaodhani kwamba yatajwa dola iliyoundwa mwaka 1948. Hapa msomaji wa Tarime na Serengeti ana nafuu kuliko ndugu yake wa mjini, ambaye kwake nyumba ni kuta na bati. Wakurya wana desturi iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Yapo malalamiko mazito juu ya haki za wasichana wanaoolewa hivyo, wala hatuitetei desturi hiyo. Twasema tu kwamba humo nyumba ni uzao, nao waweza kwisha hali paa lingali zima. Maana hiyo hiyo imo katika Kumbukumbu la Torati 25:9, ambapo mtu alaumiwa kwa kukataa kuijenga nyumba ya ndugu yake aliyekufa. Na hakuna aliyemtaka abebe matofali. Basi nyumba ya Israeli ni wazao wa Yakobo, popote walipokuwa wakikaa.

Tahadhari hii yatuhusu sisi pia. Tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953 nayo imekwisha kuwa na umri, na neno lililomo lisipimwe kwa maana ya redioni. Lipimwe kwa aya zilizo jirani yake na kwa asili ya Kiarabu iliyo kando yake.

Kwa zoezi la mwezi huu, chukua neno pepo. Katika Union lisome katika Mathayo 8:26, kisha 8:31 ya sura hiyo hiyo, halafu Luka 23:43. Mara ya kwanza ni upepo wa baharini, mara ya pili ni mashetani, mara ya tatu ni makao ya wema. Angalia ni viambishi gani na maneno gani ya jirani yanayokuonyesha tofauti, ndipo ulinganishe na Biblia Habari Njema, uone wafasiri wa baadaye waliamuaje.