Breki Kabla ya Injini

Sisi wa Kangeta tumezoea kusifu pikapu za miraa kwa mbio zake. Je, breki nani huzisifu?

Tuchukue Datsun 240Z, gari la spoti ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo Safari Rally mwaka 1973. Injini yake ni ya lita 2.4, silinda sita. Mbele lina breki za diski, nyuma za ngoma. Leo fundi aweza kulifunga vipuri vya kisasa likazidi mbio. Lakini fizikia yatuonya: mwendo ukitoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, nishati ya kuzuiwa na breki huwa mara nne! Basi aanze na breki na tairi, injini baadaye. Mwenda pole hajikwai.