Unga mweupe juu ya sabuni ya mwani

Swali: Sabuni yangu ya mwani na mafuta ya nazi hutoka na unga mweupe juu. Niitupe?

Jibu: Usiitupe. Unga huo kwa kawaida ni magadi: kostiki soda ambayo haijageuka sabuni imekutana na hewa. Ufute kwa kitambaa kibichi. Sabuni itasafisha vilevile. Lakini sura si pambo tu. Madoa ya rangi ya chungwa huonyesha mafuta yaliyoharibika, na vipunje vyeupe vyenye majimaji ndani ya kipande vyaweza kuwa kostiki iunguzayo ngozi. Vipande vya namna hiyo usiviuze kamwe. Utasema mnunuzi hununua kwa macho. Ni kweli, na kipande kilichokatwa vizuri humpa imani, ila rangi haiponyi kipimo kibovu cha mafuta na kostiki. Nunua mizani kwanza, kisha uache sabuni ikomae wiki 4 hadi 6.