Ini na Saa Yake: Jinsi Wakati wa Kula Unavyoongoza Kazi za Jeni

Katika mojawapo ya mafunzo ya watumishi wa afya, muuguzi mmoja wa zamu za usiku aliuliza swali ambalo ndilo chimbuko la makala hii. Kwa miaka sita alikuwa na desturi ya kula mlo wake mkubwa, mara nyingi wali na maharage, saa nane usiku, wodi inapokuwa imetulia. Akirudi nyumbani asubuhi hunywa chai kwa chapati mbili, kisha hulala. Hakuwa mlaji wa kupindukia wala hakunywa pombe. Hata hivyo kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mafuta katika ini lake, na sukari yake ya asubuhi ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. "Daktari," aliuliza, "hivi ini linajua ni saa ngapi?"

Wenzake walicheka. Lakini swali lake lina jibu, na jibu ni ndiyo: ini lina saa yake, saa hiyo imo ndani ya kila seli ya ini, na hairekebishwi kwa njia ileile inayorekebisha saa ya ubongo.

Wazo kwamba viumbe hubeba saa ndani ya miili yao ni la kale. Mwaka 1729 mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, ambao hufungua majani yake mchana na kuyafumba usiku. Mmea uliendelea kufungua na kufumba majani kwa wakati wake ingawa haukuliona jua. Ilichukua karibu karne mbili na nusu kabla ya mtu kuonyesha jeni inayohusika. Mwaka 1971, nchini Marekani, Ronald Konopka na Seymour Benzer walieleza kuhusu inzi wa matunda wenye kasoro katika jeni moja tu: baadhi siku yao ilikuwa fupi, ya saa 19 hivi, wengine ndefu ya saa 28, na wengine hawakuwa na mpangilio wowote wa siku. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young ndio waliofafanua jinsi jeni hiyo inavyofanya kazi, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ndani ya kiini cha seli ya ini kuna protini mbili, CLOCK na BMAL1, ambazo huungana na kujishikiza kwenye DNA, karibu na mwanzo wa jeni nyingi, na kuziamsha. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa ni zile zinazotengeneza protini nyingine, PER na CRY. Protini hizi hutengenezwa nje ya kiini, hulimbikizana kwa saa kadhaa, huungana, kisha huingia ndani ya kiini na kuzizuia CLOCK na BMAL1. Kwa maneno mengine, PER na CRY huzima swichi iliyozizaa. Baadaye huvunjwa taratibu na seli, kizuizi kikaondoka, na CLOCK na BMAL1 zikaanza kazi upya. Duru moja huchukua takriban saa 24.

Mfano ulio karibu ni tangi la maji lenye boya. Maji yakijaa, boya hufunga bomba; yakitumika, boya hushuka na bomba hufunguka. Tofauti ni kwamba katika seli boya hili huchelewa sana, na ni kuchelewa huko kunakofanya mzunguko uwe wa siku nzima badala ya dakika chache. Kuna pia protini iitwayo REV-ERB, ambayo huinyamazisha jeni ya BMAL1 kwa zamu na hivyo kuutuliza mzunguko usiyumbe. Tutairudia hapa chini, kwa sababu inahusu mafuta.

Saa kuu ya mwili imo katika ubongo: kifundo kidogo cha seli zipatazo 20,000, kilichokaa juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho yote mawili hupishana. Kifundo hiki hupata habari za mwanga moja kwa moja kutoka machoni, nacho hupeleka taarifa mwilini kote kwa njia ya mishipa ya fahamu, homoni na joto la mwili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba viungo vingine hufuata tu amri yake, kama wanakwaya wanaomtazama mwalimu wao.

Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Ueli Schibler, mjini Geneva, waliifanya picha hiyo ionekane kuwa pungufu. Panya, kama tujuavyo sote tulio na majiko, hula usiku. Watafiti wakawapa panya wa maabara chakula mchana peke yake. Saa ya ubongo haikutetereka. Iliendelea kufuata mwanga na giza. Saa ya ini, kinyume chake, ilijisogeza siku baada ya siku hadi ikageuka kabisa na kufuata chakula. Mnyama mmoja akawa na nyakati mbili mwilini: kichwani usiku, tumboni mchana.

Nadhani hakuna jaribio katika taaluma hii linalomhusu mfanyakazi wa usiku kuliko hilo. Muuguzi wetu anapokula saa nane usiku, taa za wodi na chakula hupeleka ujumbe kwa saa mbili tofauti, na ujumbe wenyewe haulingani. Mojawapo ya njia ambazo chakula hutumia inajulikana: insulini, homoni itolewayo na kongosho baada ya mlo, huongeza utengenezaji wa protini za PER. Kwa hiyo kila mlo mkubwa ni sawa na kidole kinachosukuma mshale wa saa ya ini.

Msomaji atauliza kwa nini ini lihitaji saa. Sababu ni kwamba kazi zake nyingi hupingana, na haifai zifanyike kwa pamoja. Tunapokula, ini huitoa glukosi katika damu na kuihifadhi kama glikojeni. Tunapolala bila kula, huivunja glikojeni hiyo na kutengeneza glukosi mpya ili ubongo usikose nishati. Ghala haliwezi kupokea magunia na kuyatoa kupitia mlango mmoja kwa wakati mmoja. Saa ya ini huyaandaa mabadiliko haya kabla hayajahitajika. Panya walioondolewa jeni ya BMAL1 katika ini peke yake, viungo vingine vikiachwa salama, sukari yao ya damu ilishuka mno katika saa za kutokula, kwa kuwa ini halikuwa limejiandaa kuitoa. Na panya walioondolewa REV-ERB, au protini iitwayo HDAC3 inayoshirikiana nayo katika kuzinyamazisha jeni za kutengeneza mafuta, walirundika mafuta katika ini. Hizo jeni za mafuta zina saa zake za kulala. Zisipolala, mafuta huendelea kutengenezwa.

Ukubwa wa shughuli hii unashangaza. Utafiti wa mwaka 2014 uliopima viungo 12 vya panya ulikuta kwamba asilimia 43 ya jeni zinazotengeneza protini hupanda na kushuka kwa mpangilio wa siku katika angalau kiungo kimoja, na ini ndilo lililoongoza kwa wingi wa jeni hizo. Mwaka 2017 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba hata ukubwa wa ini la panya hubadilika ndani ya siku moja: hutanuka katika saa za kula na kusinyaa katika saa za mapumziko, na mpangilio huo hupotea wakilishwa wakati usio wao.

Lakini panya ni mnyama wa usiku, nasi si panya. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2018 una uzito wa pekee, na una mizizi Afrika Mashariki: uliwahusisha watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya pamoja na wenzao wa Marekani na Ufaransa. Walichunguza tishu 64 za nyani, mnyama anayeamka na kulala kama sisi, kwa vipindi vya saa mbili mbili kwa siku nzima. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotengeneza protini zilikuwa na mpangilio wa siku katika angalau tishu moja. Nyingi kati yake ni jeni ambazo dawa zetu za kila siku huzilenga.

Je, haya yana maana gani kitandani kwa mgonjwa? Nianze na jambo ambalo limewaumiza wagonjwa wengi wa kisukari. Mgonjwa amekula saa moja jioni, hakutia kitu kinywani tena, na alfajiri sukari yake iko juu kuliko ilivyokuwa alipolala. Kliniki anaambiwa kwamba anakula usiku kwa siri. Mara nyingi anasingiziwa. Kati ya saa kumi alfajiri na saa mbili asubuhi mwili hujiandaa kuamka. Homoni za kukua na kotisoli hupanda, na ini hutoa glukosi. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kuidhibiti. Mwenye kisukari hawezi. Kabla ya kumkemea mgonjwa au kumwongezea insulini ya usiku, ni busara apimwe sukari saa tisa usiku kwa siku chache. Ikiwa wakati huo iko chini mno, tatizo ni jingine, na kuongeza dozi kunaweza kumdhuru vibaya.

Kuhusu dawa, ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Simvastatini haikai mwilini kwa muda mrefu, ndiyo sababu huandikwa kumezwa jioni. Atorvastatini hukaa muda mrefu zaidi, hivyo mgonjwa anaweza kuimeza wakati wowote, mradi awe na saa yake isiyobadilika.

Turudi kwa muuguzi. Mwaka 2021 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la vijana 19 wenye afya walioishi maabara na kufanyishwa zamu za usiku za kuigiza. Waliokula mchana na usiku, kama wafanyavyo wengi kazini, uwezo wao wa kudhibiti sukari ulidhoofika; waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu hawakupata dosari hiyo. Jaribio ni dogo, na washiriki hawakuwa na watoto wa kupeleka shule wala daladala za kugombea asubuhi. Hata hivyo linaelekea upande uleule wa panya wa Geneva.

Nisieleweke vibaya. Siku hizi kuna watu wanaouza "kufunga kwa saa" kama tiba ya kila maradhi. Jaribio la mwaka mzima lililofanyika China kwa watu 139 wenye unene, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba kubana mlo wote kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni hakukupunguza uzito zaidi ya kupunguza kiasi cha chakula peke yake. Saa ya ini haifuti hesabu ya kilicho sahanini.

Nilichomwambia dada yule ni hiki: ale mlo wake mkubwa saa kumi na mbili jioni kabla ya kwenda kazini, usiku, njaa ikimshika, ale kitu kidogo, kama yai au karanga au tunda, badala ya sahani ya wali, na asubuhi apate kifungua kinywa cha wastani kabla ya kulala katika chumba chenye giza. Angekuwa anatumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, nisingempa ushauri huu bila kwanza kupanga upya dozi zake. Onyo hilohilo lawahusu wagonjwa wanaokusudia kufunga Ramadhani, mwezi ambao milo yote huhamia kati ya futari na daku: waje kliniki wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ya mfungo wakiwa wamezimia. Wapangaji wa zamu nao wana sehemu yao. Muuguzi anayezungushwa asubuhi, jioni na usiku ndani ya juma moja hana saa ya ini inayoweza kumfuata.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Sisi Waswahili huhesabu saa tangu jua lichomozapo, na mashine za maabara huhesabu tangu usiku wa manane. Nimeona cheti cha dawa kilichoandikwa "saa 2" kikitafsiriwa kwa namna tatu na watu watatu wa wodi moja. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti hiyo si ndogo. Anayeandika na aandike "saa 2 usiku" na kando yake 20:00. Na kwenye fomu ya kipimo cha sukari, pamoja na saa ya kutoa damu, aandike saa ambayo mgonjwa alikula mara ya mwisho na kama alikesha. Fomu nyingi hazina nafasi ya maelezo hayo. Pembeni panatosha.