Sanduku la Dawa Lisifungiwe Ofisini

Katika machimbo ya dhahabu ya pande za Katoro na Buseresere, mkono ukinaswa na mkanda wa karasha, damu haingojei gari. Mtu aweza kufa kwa dakika chache. Basi mganga wake wa kwanza ni mwenzake wa zamu, apende asipende.

Huyo yampasa ajue nini? Ajue kukandamiza jeraha kwa nguvu, kwa kitambaa safi, pasipo kukifunua kila mara ili achungulie. Udongo na tumbaku visiliguse. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, wala si mafuta. Lililo gumu kupita yote ni hili: mwenzako akizirai ndani ya duara lenye hewa mbaya, usimfuate mbio. Hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha nawe, na walio juu watavuta maiti mbili. Kwanza hewa safi isukumwe chini, kisha anayeshuka afungwe kamba. Neno hilo halijifunzwi siku ya msiba.

Wa kumfundisha ni mwajiri, kwa gharama yake. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi yamtaka awalinde watu wake na kuwapa mafunzo. Wako wenye maduara wasemao, “Hawa si wafanyakazi wangu, twagawana mifuko ya mawe.” Hoja dhaifu! Mgawo wa mawe hauzibi jeraha. Sanduku la dawa likae mdomoni pa duara, na kila zamu, hata ya usiku, iwe na mtu aliyefunzwa kulitumia.